Mikindani: chakula kimekolea, chumvi imezidi kwenye menyu

Natoa hukumu mapema ili mwenye haraka asome aondoke. Pweza wa nazi wa Bi Mkubwa pale Mikindani anawashinda wote niliowahi kula kati ya Kilwa Masoko na Msimbati. Ugali wake wa muhogo unafuatia kwa karibu. Biriani msiile. Menyu isomeni mkiwa mmeshashiba.

Menyu ndiyo iliyonifanya niandike. Mgahawa wenyewe hauna kibao. Ukishuka kwenye daladala ya kutoka Mtwara mjini, uliza kwa Bi Mkubwa wa pweza, mtoto yeyote atakupeleka. Ni sebule ya nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, meza sita, feni moja inayozunguka ikipenda, na jiko liko uani chini ya mwembe. Miaka yote ulikuwa unauliza leo kuna nini, unaambiwa, unakula. Sasa mpwa wake amerudi kutoka Dar na ametengeneza menyu ya rangi, imevalishwa plastiki, na chini ya kila chakula ameandika historia yake. Wazo ni zuri, simkatishi tamaa. Sisi watu wa Kusini tumechoka kuambiwa kwamba jikoni kwetu hakuna cha maana zaidi ya korosho, na utani kwamba tunakula panya. Ila kijana ametia chumvi, na chumvi ikizidi hata chakula kizuri kinaharibika.

Pweza basi. Anatoka kwa kina mama wanaochokoa miambani maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, na anafika uani kabla jua halijawa kali. Anapigwa kwenye jiwe mpaka mikono ilegee, anasuguliwa chumvi kumtoa ute, anaoshwa, halafu anainjikwa bila tone la maji. Hapo wengi hushtuka. Pweza ana maji yake mwenyewe. Ukimfunika kwa moto mdogo anayatoa yote, sufuria inajaa maji ya zambarau, naye anaivia humo humo mpaka yakauke. Mpishi mwenye papara humwongezea maji ya bomba na kumpelekea moto mkali, ndiyo maana pweza wa baadhi ya baa za mjini unamtafuna kama kandambili.

Yakishakauka linaingia tui la pili, lile jepesi, pamoja na kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na bizari kidogo. Kasimile, lile tui zito la kwanza, linakaa pembeni kwenye bakuli mpaka mwisho kabisa. Likishaingia, Bi Mkubwa haongei na mtu. Mwiko hausimami, kwa sababu tui zito likitokota bila kukorogwa linakatika, na mchuzi uliokatika haurudi. Nilisimama mlangoni mwa jiko nikimwangalia. Mafuta ya nazi yalianza kujitokeza kwenye kingo za sufuria, vidoa vidogo vya manjano, naye akakamua ndimu na kuepua hapo hapo. Unaletewa na wali wa nazi au ugali, chagua mwenyewe, shilingi elfu saba.

Mbuzi ya kukunia nazi unaisikia ikikwaruza tangu saa nne asubuhi, na machicha wanarushiwa kuku. Nalitaja hilo kwa makusudi, maana migahawa mingi siku hizi inamimina tui la paketi. Silichukii, nyumbani kwangu lipo kwa siku za kuchelewa kutoka kazini. Lakini limewekewa vitu vya kulizuia lisikatike, kwa hiyo mchuzi wake haukatiki na wala hautoi mafuta. Unabaki mzito tu, mweupe, hauna harufu ya nazi iliyoiva. Ukiona vidoa vya manjano juu ya mchuzi, ujue kuna mtu ameamka mapema.

Sasa menyu inasemaje juu ya pweza huyu? "Chakula alichokila Dk. Livingstone mwaka 1866." Aisee. Ni kweli David Livingstone alishuka Mikindani mwezi Machi 1866. Alikuja na ngamia, nyumbu wa kubeba mizigo, punda na nyati wa kufugwa, na askari kutoka India, na mapema Aprili akaondoka kuelekea Ruvuma kwenye safari ambayo hakurudi tena. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Nyumba inayosemekana alifikia ina kibao, na wageni wanakipiga picha kila siku. Kama alikula pweza, risiti hakuacha. Na hata kama alikula, sioni kwa nini pweza asifiwe kwa mdomo wa mzungu aliyepita mjini majuma machache wakati mama aliyemchokoa asubuhi ile yuko uani anasubiri hela yake.

Biriani ndiyo imepewa historia ndefu kuliko zote. Eti ni "Biriani ya Kilwa, kama alivyoila Ibn Battuta". Huyu msafiri wa Tangier kweli alipita pwani yetu mwaka 1331, akaanzia Mogadishu, akagusa Mombasa, akafika Kilwa. Lakini maelezo marefu ya chakula aliyoyaacha ni ya Mogadishu. Huko aliletewa wali wa samli kwenye sinia kubwa la mti, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa alisema watu wanakula ndizi na samaki. Kilwa alichokisifu ni uzuri wa mji na ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Biriani hakuitaja, na hii tunayoijua, ya nyama iliyolala kwenye mtindi na wali wa rangi mbili, imetufikia kwa mikono ya wafanyabiashara wa India na Waarabu wa Oman, karne nyingi baada yake.

Ingekuwa tamu ningesamehe historia. Hapana. Viungo ni vya paketi, rangi ya njano ni ya kopo, nyama ilikuwa imechemshwa pembeni ikatupiwa juu. Mezani kwetu alikuwepo shemeji yangu wa Lindi, mtu asiyebakiza kitu kwenye sahani, akabakiza. Nadhani Bi Mkubwa mwenyewe haipendi, ila wageni wa semina wanaiulizia.

Kinachonichekesha ni kwamba kitu cha Ibn Battuta kipo kwenye meza ile ile na menyu haikitaji. Ni kile kikopo cha achari. Maembe machanga ya huo mwembe wa uani, yamekatwa yakiwa na kokwa laini bado, yamelazwa kwenye chumvi, yakaanikwa, kisha ndimu, siki na pilipili. Msafiri wa 1331 angekifungua kikopo hicho bila kuuliza. Pilipili tu ndiyo ingemshtua, kwa kuwa pilipili hizi kali za kijani na nyekundu asili yake ni Amerika na zilifika huku baada ya Wareno. Ya kwake ilikuwa pilipili manga, mbichi, ikiwa bado kwenye vishada. Achari hii haiuzwi, inawekwa tu. Nilipoomba ya kuondoka nayo nikafungiwa kwenye chupa ya maji ya Uhai, sikutozwa kitu.

Ukitaka kujua Kusini tunakula nini tukiwa wenyewe, geuza menyu, nenda upande wa pili chini kabisa: ugali wa muhogo na kisamvu cha korosho, shilingi elfu nne. Kijana ameandika "chakula asilia cha Wamakonde tangu enzi na enzi". Mimi ni Mmakonde wa Newala, bibi yangu alinilea kwa ugali huu, kwa hiyo naomba niseme. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Mkorosho nao ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno kwenye karne ya 16, ukaanzia Msumbiji na kupanda kuja kwetu. Yaani sahani nzima, kuanzia ugali, majani ya kisamvu hadi korosho zilizosagwa ndani yake, imevuka bahari. Sioni aibu yoyote hapo. Sifa ya bibi zetu ni walichokifanya mazao hayo yalipofika, na hilo ndilo ningependa kulisoma kwenye menyu.

Muhogo mchungu una sumu. Ili uwe unga inabidi umenywe, uanikwe siku nyingi mpaka uwe makopa makavu yanayolia ukiyagonga, kisha utwangwe na kuchekechwa. Ukifupisha kazi hiyo wakati wa njaa unavuna maradhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wetu ulipata wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, na chanzo kilikuwa watu kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa sababu chakula kingine hakikuwepo. Kwa hiyo ninaposema unga wa Bi Mkubwa ni mzuri sisemi ladha peke yake. Anachukua makopa kutoka kwa mtu mmoja tu wa upande wa Nanyamba, na nilimwona akilivunja moja kwa mkono, akalinusa, akaangalia katikati kama kuna weusi. Lililokuwa na doa alilitupa kando.

Ugali wenyewe una weupe wa kijivu, unavutika ukiukata, na lazima uliwe wa moto. Ukipoa unakuwa mgumu, usimlaumu mpishi. Kisamvu kimetwangwa kwenye kinu, hakijapita kwenye mashine, na kimechemka muda mrefu kabla ya korosho kuingia. Korosho anazotumia ni zile zilizovunjika, anazinunua kwa kina mama wabanguaji, kwa sababu nzima nzima ziko ghali na zinaenda kwa watu wa mifuko ya zawadi. Sokoni kwetu bei ya korosho inajulikana kuliko bei ya mkate. Mpaka leo kuna watu wanaanza habari na mwaka 2018, wakati wanunuzi walipogoma na Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua kwa 3,300 kwa kilo. Lakini watu wachache wameona korosho inavyobanguliwa kienyeji. Zinamwagwa kwenye bati au karai lililotobolewa, moto chini, maganda yanatoa mafuta yanayoshika moto, moshi wake unachoma macho, na mafuta hayo yakigusa ngozi yanababua. Zinamwagiwa mchanga kuuzima moto, zinagongwa moja moja. Mwanamke aliyefanya kazi hiyo msimu mzima utamjua kwa vidole vyake.

Zikisagwa mbichi kidogo, na za kukaanga kidogo, kisamvu kinapata uzito ambao karanga haziwezi kuutoa, na utamu kwa mbali. Bibi alikuwa anaweka na tui. Bi Mkubwa haweki, anasema mafuta ya korosho yanatosha, na ukianza kuchanganya viwili hivyo unamficha kisamvu. Tulibishana kidogo. Anayo haki, mgahawa ni wake.

Asubuhi kuna mbaazi za nazi na maandazi. Sahani elfu moja na mia tano, maandazi mawili. Mbaazi zimeiva mpaka zinapasuka. Nazila kwa moyo mzito kiasi, kwa sababu kila mkulima wa Mtwara na Lindi anakumbuka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje na bei huku ikaporomoka mpaka watu wakaziacha zikaozea stoo. Menyu inasema mbaazi ni "supu ya wavuvi". Haya.

Sambusa, katlesi, bajia, vyote vipo, vyote vya kawaida. Chapati ni ngumu. Pilau ya Ijumaa nzuri, ina bizari nzima na mdalasini wa kutosha, na kwa mara ya kwanza menyu imekaa kimya, haijaiandikia historia.

Twende kwenye vitamu, ambako mimi binafsi ningeweza kuhamia.

Mkate wa kumimina hapa unapikwa kizamani. Mchele unalowekwa usiku, asubuhi unasagwa na tui, iliki, sukari na hamira, unaachwa uumuke. Bi Mkubwa anasema mama yake alikuwa anaumulia kwa tembo la mnazi, hamira za pakiti alizijua ukubwani, na ladha ya tembo ilikuwa na uchachu mdogo ambao leo anajaribu kuufidia kwa kuacha unga muda mrefu zaidi. Mtume, kweli uchachu upo! Ute wa yai unakuja mwisho. Kisha sufuria nzito inapakwa samli, unga unamiminwa, na hapo ndipo penye kazi: moto mdogo chini, na makaa mengi zaidi yanapaliwa juu ya mfuniko. Ukizidisha wa chini unaungua kitako wakati uso bado mbichi. Ukizidisha wa juu unapata mkate mweusi wenye uji ndani. Anainua mfuniko mara moja tu, anaangalia rangi, anarudisha. Hana saa. Mkate unatoka na matundu madogo madogo ndani, uso wa kahawia, na pembeni umejiachia wenyewe kutoka kwenye sufuria.

Kuna mikahawa inauoka kwenye oveni ya gesi. Unaiva, sikatai. Harufu ya moshi wa makaa haimo.

Kaimati ni za alasiri, mia mbili moja, na mwezi wa Ramadhani foleni inafika barabarani. Menyu imejitapa kwamba ziligunduliwa na kadhi wa Mikindani, aliyezipenda akazipa jina. Nimecheka mpaka nikapaliwa na chai. Kitamu hiki kilikuwa kinaliwa Baghdad zamani, na vitabu vya mapishi vya Kiarabu vya karne ya 13 vinakitaja kwa jina la tonge la kadhi. Huyo kadhi kama aliishi hakuwa mtu wa Mikindani. Waturuki wanazo zao, Wagiriki wanazo zao, watu wa Ghuba wanafuturu nazo kama sisi. Zetu zilikuja na majahazi pamoja na halua na tende, katika miaka ambayo Sayyid Said alihamishia makao yake kutoka Muscat kuja Zanzibar na bandari kama hii yetu ikawa chini ya mkono wake. Historia ya kweli ni ndefu na nzuri kuliko ya kutunga, na haihitaji kadhi.

Kaimati zenyewe: nje zinalia ukizing'ata, ndani ni nyepesi. Anazichota kwa vidole, anabana unga kati ya kidole gumba na cha shahada, tone linaangukia kwenye mafuta likiwa mviringo. Sikuona kijiko. Shira ina iliki na arki kidogo, lakini siku niliyokula ilikuwa nzito mno, imeganda kwenye meno. Zile za mwanzo wa sinia zilikuwa moto, za mwisho zilikuwa zimeshalegea. Fika saa kumi, usifike saa kumi na mbili.

Kashata za karanga ziko kwenye chupa kubwa karibu na mlango, mia mbili, na kwenye menyu hazijaandikwa kabisa. Hapa ndipo kijana alipokosa dili. Mimi nafanya kazi za makaratasi bandarini Mtwara, msimu wa korosho nalala nikiota namba za makontena, na kila nikila kashata nakumbuka kwamba bandari hiyo ilianza kujengwa kwa ajili ya karanga. Baada ya vita ya pili ya dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Serikali yao ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea, kazi ikaanza 1947. Ili karanga za Nachingwea zitoke, ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara na kulazwa reli. Ardhi ikawa ngumu, mvua zikagoma, visiki vikavunja mashine, na 1951 mradi ukatupwa baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Mji ukabaki, bandari ikabaki, na karanga za kutosha kashata tukaendelea kulima wenyewe kwa jembe la mkono. Ukiniuliza, hadithi hiyo pekee inauza chupa nzima kwa mgeni mmoja.

Kashata ni nzuri. Sukari imeachwa iungue kidogo zaidi ya kawaida, ina uchungu mdogo nyuma ya utamu, na karanga hazikutolewa maganda yote.

Sasa malalamiko yangu makubwa, na hayahusu uongo wa kwenye menyu bali kilichokosekana. Juu kabisa pameandikwa kwa herufi kubwa "Vyakula vya Asili vya Kusini". Karibu kila kilichofuata kilikuja kwa bahari: mchele, muhogo, korosho, biriani, kaimati, karanga zenyewe. Na nje, kwenye kona hiyo hiyo ya kuingilia uchochoro, wakati wa kiangazi anakaa mama mmoja na sinia la ming'oko. Ming'oko haikuletwa na mtu. Ni ndugu wa kiazi kikuu, inaota yenyewe porini kwetu, na kina mama wanaichimba baada ya mvua kwisha, kila mzizi unafuatwa chini kwa subira usikatike. Inachemshwa na chumvi, unaimenya kwa vidole, ganda linatoka kama soksi, na ndani ni nyeupe, laini, tamu kidogo. Kwa watu wa uwanda wa Makonde ilikuwa ndiyo chakula cha miezi ya njaa. Pori likigeuzwa mashamba ya mikorosho, nayo inatoweka.

Nikaenda uani nikamwamkia Bi Mkubwa, nikamuuliza kwa nini haiweki.

"Ming'oko ni ya kutafuna njiani, mwanangu," akanijibu bila kuinua macho kwenye nazi yake. "Nani atavaa shati la kupiga pasi aje aikalie mezani?"

"Mimi, Bi Mkubwa."

"Wewe umezoea shida za Newala." Akacheka, nikacheka, na ming'oko ikabaki nje.

Sikubaliani naye, kwa heshima zote. Njugu mawe pia hazipo, kunde hazipo, mlenda haupo. Samaki nchanga, yaani panya, simwombi, najua wageni watatoka mbio na watani zetu watapata la kusema mwaka mzima. Lakini sahani ya ming'oko ya moto, na kile kikopo cha achari ya embe pembeni, ingekuwa chakula cha kwanza kwenye menyu hiyo kustahili kichwa chake cha habari. Na ingemnufaisha yule mama wa kona, ambaye siku nyingi anarudi nyumbani na nusu ya sinia.

Mengine kwa ufupi. Huduma ni ya pole pole, dada anayehudumia ana adabu ila anasahau, agiza maji na umkumbushe maji. Choo ni kisafi, maji yako kwenye ndoo. Unalipa kwa simu au taslimu, noti ya elfu kumi asubuhi inawasumbua. Paka wapo na wanajua siku ya samaki. Mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili kuna juisi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, inakamuliwa siku hiyo hiyo kwa sababu bibo likilala limeharibika. Wanaitia chumvi kidogo kupunguza ukakasi, haukwishi wote, nami ndivyo ninavyoipenda. Ukitaka uraka, pombe ya mabibo, umepotea nyumba, hapa hawauzi.

Kijana wa menyu nilimwambia haya yote uso kwa uso, akayapokea vizuri, akasema anachapisha nyingine kabla ya msimu wa wageni. Nilimshauri akae uani na shangazi yake na daftari, aandike anavyoumulia unga na anavyochagua makopa, kisha aniletee nimsomee bure. Kuhusu Livingstone, kijana amesema atafikiria kumtoa.

Ijumaa usiende kabla ya watu kutoka msikitini, hutamkuta mtu. Mkate wa kumimina mzima ni elfu nane na lazima uuagize jana yake. Ukipiga simu, mwambie asiweke zabibu, maana siku hizi anaziweka kwa ajili ya picha.